Mwangwi wa Tangi

Kofi moja.

Lilisikika usiku, kavu, la viganja vidogo, likitokea chumba cha kurekodia ambako kompyuta ilikuwa imezimwa na spika zimechomolewa. Fundi aliinua kichwa kwenye mto, akangoja la pili. Halikuja. Akajiambia ni mabati yanapoa, akageukia ukuta, akalala.

Chumba chenyewe zamani kilikuwa stoo. Alikizungushia magodoro ukutani na mablanketi mlangoni mpaka kikapoteza sauti yake. Ukisema neno, linakufia mdomoni. Humo ndimo alimomrekodi mke wake, ambaye tangu utotoni watu walimwita Chiriku kwa kuwa hajui kunyamaza. Redio moja ilikubali kuusikiliza wimbo wake wa kwanza. Hakukuwa na kingine walichokizungumza nyumba ile.

Lakini sauti iliyorekodiwa kwenye magodoro ni kavu kama karatasi, inahitaji mwangwi. Fundi alishinda akijaribu plagini, vile vijiprogramu vya kupachika ndani ya programu ya kurekodia, kimoja baada ya kingine. Hiki kilimweka Chiriku bafuni, kile kikamweka ukumbi wa harusi wageni wakiwa wameshaondoka.

"Unanihamishahamisha kama mpangaji asiyelipa kodi," Chiriku alimwambia. "Nitafutie nyumba moja nitulie."

Mafundi wa sauti wana ujanja wao. Ukiupenda mwangwi wa mahali fulani, unakwenda pale, unapiga kofi moja, unalirekodi pamoja na mwangwi wake, kisha unailisha kompyuta. Tangu hapo, chochote utakachopitisha humo kitasikika kana kwamba kiliimbwa palepale. Na Fundi alipajua mahali. Uani kulikuwa na tangi la maji la chini ya ardhi, la zege, kavu miaka mingi, limefunikwa kwa bamba zito ambalo mama yake hakuruhusu liguswe. Dada yake mdogo alizama humo akiwa bado mtoto. Toka siku ile mama, fundi cherehani asiyekosea mshono, hakulitamka tena jina la binti yake. Akilazimika, alisema "yule", basi.

Siku mama alipokwenda kupeleka magauni ya wateja, Fundi alisukuma bamba kwa mtaimbo, akashusha maiki kwa waya wake, akapiga kofi. Mwangwi ulikaa chini muda mrefu, ukapanda taratibu, mtamu, wa duara. Alitabasamu peke yake. Akarudisha bamba.

Usiku wa siku hiyo ndipo liliposikika lile kofi.

Kesho yake Chiriku alisikia wimbo wake ukiwa ndani ya tangi bila kujua ni tangi, akasema hapa ndipo nyumbani. Fundi akapachika na kompresa. Kazi ya kompresa ni kukandamiza sauti iliyo kubwa na kuinua iliyo ndogo, zikaribiane; ukiibana sana inafukua mpaka pumzi, mpaka ulimi ukibanduka kwenye kaakaa. Ilifukua pumzi. Mwisho wa kila mstari, Chiriku akishanyamaza, kuna aliyevuta hewa.

"Ni wewe, ulikaribia maiki," Fundi alisema.

Chiriku alivua hedifoni, akaziweka mezani polepole. "Mimi nilishamaliza kuimba hapo," akanong'ona. "Nilikuwa nimefunga mdomo."

Fundi akajaribu kompresa nyingine, ya bure, kisha nyingine, kisha akazitoa zote, akautoa na mwangwi, na pumzi ikabaki, na nyuma ya pumzi sasa kulikuwa na mtu anafuatisha wimbo kwa kuguna, nusu hatua nyuma, kama mtoto anayejifunza. Chumba kikaanza kunuka zege lililolowa na maji yaliyolala. Magodoro yalikuwa na unyevu, si juu, si chini, bali kwenye mstari mmoja kuzunguka chumba, kimo cha kiganja cha mtoto anayetembea huku akipapasa ukuta.

Na kadiri sauti ile ndogo ilivyopanda, ya Chiriku ilishuka. Alianza kukwaruza, kisha akawa anaongea kama aliye chumba cha pili, kisha ikawa lazima mtu amwegemee mdomoni ndipo amsikie. Daktari alimulika koo, akasema ni safi, anywe maji ya moto. Chiriku, ambaye majirani walikuwa wakimtania kwamba hata usingizini anasimulia, sasa aliomba chumvi kwa kidole.

Mama ndiye aliyemleta mganga, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisimama mlangoni pa chumba cha kurekodia, akanusa, hakuingia. Akauliza nani amepiga kofi. Fundi akaeleza yote, huku mama yake akimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kutazamwa.

"Nilirekodi mwangwi tu, mzee."

"Ulibisha hodi," mganga alisema. "Ukaitikiwa. Ukalibeba jibu ukaliingiza ndani."

Hapo mama akaketi sakafuni, akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia yeyote. Yule alipenda kujificha, na mchezo wao ulikuwa kwamba mama akipiga kofi, yeye alipo anajibu kwa kofi. Siku ile alipiga, akajibiwa kutoka uani. Akajua yupo, anacheza. Akarudi kwenye cherehani kumalizia pindo.

 Mganga alizungumza akiitazama miguu yake. Alisema mtoto alikuwa ameshazama. Aliyejibu ni mwenye tangi. Jini huyo alianza kwa kuiga kofi, sasa ameiga pumzi, na anajichukulia koo. Kimoja tu kimembakia, jina. "Asipoitwa, atachoka arudi. Akiitwa na mama wa yule anayemwigiza, amekuwa mtoto wa nyumba hii. Na huyu mkweo sauti yake hairudi."

Wakafuta wimbo wote. Fundi akalifuta na kofi, kisha akaivunja diski kwa nyundo. Wakajaza tangi mchanga mpaka juu. Redio ikaambiwa wimbo haupo.

Asubuhi moja, wakinywa chai, Chiriku alisukuma kikombe. "Sukari mmeihifadhi kwa ajili ya nani?" alisema, kwa mkwaruzo, lakini kwa sauti yake. Mama mkwe alicheka hadi akalia. Fundi alitoka nje asionekane uso.

Jioni ile mama alikuwa kwenye cherehani, Fundi akipasi, Chiriku akikunja magauni. Mikono ya Chiriku ikaliacha gauni, ikapiga kofi moja.

Aliitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Harufu ya maji yaliyolala ikaingia sebuleni. Mdomo wake ukafunguka.

"Mama," ikasema sauti ya mtoto, "nimejificha muda mrefu. Mbona huniiti?"

Mguu wa mama ukasimama juu ya pedali. Fundi aliiacha pasi, akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

"Si yeye, mama," akanong'ona. "Unajua si yeye."

"Najua," mama alisema.

Na alijua kweli, alijua kama alivyojua kila mshono wa nyumba ile, na juu ya mdomo ule aliyaona macho ya mkwewe, bado yakiwa ya Chiriku, yakimwomba, yakimiminika machozi, lakini sauti iliita tena mama, ikavuta ile pumzi ndogo iliyokuwa ikilala ubavuni mwake zamani, ikangoja kama mtoto anavyongoja akiwa amebana kicheko gizani, na miaka yote aliyokaa kimya ikampanda kooni kwa pamoja, akazitoa taratibu mikono yake mikononi mwa mwanawe, akapiga kofi, akajibiwa, akafumba macho, akaliita jina la binti yake.