Sauti Iliyotoka Ufani

Neno lenyewe ni moja tu, nimekushika, na asubuhi ile kaka hakulisema.

Miaka tisa dada na kaka yake walikuwa wakipanda majabali ya hifadhi, wakitangulia kuwafungia wageni kamba. Mtindo wao haukubadilika: anayebaki chini analikagua fundo la anayepanda, analivuta, kisha anasema, "Nimekushika." Bila neno hilo mguu hauondoki ardhini. Lakini siku ile kaka alilishika fundo, akahangaika nalo weee, kisha akamwashiria tu apande. Na mikono yake ilinukia waridi. Waridi, jamani, mtu aliyezoea kunuka jasho!

"Umejipaka manukato ya nani, kaka? Wifi anajua?"

"Panda, Mjusi. Jua linatuchoma."

Mjusi ni jina ambalo kaka mwenyewe alimpa utotoni, siku alipomteremsha kutoka juu ya kabati la mama. Dada akacheka, akapanda. Nani angemshuku kaka wa tumbo moja?

Ukuta ule wa jabali, ambao kaka mwenyewe aliuchagua siku ile, watu waliukwepa tangu mwaka jana, kaka alipoanguka kutoka juu kabisa akainuka bila hata mkwaruzo. Nyumbani walishukuru mpaka wakalia. Tangu hapo kaka hakupanda tena. Kazi yake ikawa kushika kamba chini.

Katikati ya ukuta, ndani ya ufa, mtu alikohoa.

Dada alisita. Ni ndege, akajiambia, ndege gani sijui. Akaendelea, na kila alipoingiza vidole ufani jiwe lilikuwa vuguvugu kama shavu la mgonjwa, na harufu ya waridi ikazidi kumjaa puani, na kikohozi kikawa kinapanda naye, hatua kwa hatua, kikisimama aliposimama, mpaka akafika kwenye kibaraza cha jiwe, akajifunga kwa mkanda mfupi kwenye pete ya chuma iliyopigiliwa mwambani.

"Nimefika! Nishushe!"

Hapo hufungua mkanda, huegemea nyuma, na kuiachia kamba uzito wote.

"Nimekushika," ikajibu sauti ya kaka. Ilitoka ufani, karibu na shingo yake.

Akatazama kiunoni. Fundo lilikuwa limelegezwa, ncha iliyobaki ni fupi kama kidole. Aliligusa tu, likafunguka lote mkononi mwake.

"Kaka! Umenifanya nini?"

Kule chini kaka alikuwa amepiga magoti. "Jini la ukuta huu liliniambia, siku ile nilipoanguka, nitaishi nikilipatia mtu wa damu yangu. Nina watoto, mdogo wangu. Nisamehe!"

"Kwa hiyo mimi si mtu? Ulikuwa unanifungulia fundo huku unaniangalia usoni?"

Uchungu ukamzidi dada kuliko hofu. Jini halikuwahi kumwahidi kitu. Huyu alimlisha, alimfundisha kufunga hilo hilo fundo, alimbeba mgongoni.

Mara kamba ikamponyoka mkononi. Ncha iliingia ufani yenyewe, kisha kamba yote ikaanza kuvutwa, taratibu, bila haraka, na kule chini chuma cha kubania kamba kiunoni mwa kaka kikabana, kama kilivyotengenezwa kubana, na kaka akajikuta ananyanyuka, miguu inapapasa hewani, kucha zinakwaruza jiwe.

"Mjusi! Nishike, mdogo wangu! Nishike!"

Kamba ilipita hatua moja mbele yake. Angeweza kuinyakua. Angeweza walau kumpigia kelele atoe kisu akate. Akafumbua mdomo, naye wallahi alikuwa bado hajajua atasema nini.

"Nimekushika, kaka," ikasema sauti ya dada mwenyewe, tamu kabisa, kutoka ufani.

Kaka akaacha kuhangaika. Akainua uso, machozi yanamtoka, akatabasamu, akatulia avutwe.

"Ahsante, Mjusi," alisema.

Dada bado alikuwa hajatamka hata neno.