Somo la Pili la Chupa

Godoro lilikuwa limeshafungwa kamba, na pikapu ilishapita kona ya mwisho ya mtaa. Baba, fundi seremala, ndiye aliyeendesha. Binti yake, aliyekuwa akirudi chuoni, alibanwa katikati. Mtaani walimwita Chupa, maana tangu utotoni alikusanya maji ya visima kwenye chupa akayachunguza. Upande wa mlango aliketi jirani yao, Mama Maabara, mtunza maabara wa chuo, aliyeomba lifti kwenda kazini.

Chupa alikuwa anasoma kemia, anaingia mwaka wa pili. Siku hiyo, kabla ya saa sita mchana, alitakiwa kurudisha fomu ya kuchagua somo kuu la pili.

"Fizikia," baba alisema. "Nimeshawatangazia hata wateja. Kemia na fizikia! Nani atakugusa?"

"Baba, mimi napenda jiografia."

"Ukahesabu milima? Milima imeshahesabiwa, mama, imekwisha!"

Mama Maabara alicheka mpaka mkoba ukamwanguka. Kisha akauliza, "Ratiba mmeitazama?"

"Ratiba ya nini?"

"Ya masomo, jirani. Mwaka wa pili, maabara ya kemia ni Jumanne mchana. Ya fizikia ni Jumanne hiyohiyo. Atajigawa vipande? Kila mwaka wanafunzi wanakuja kulia mlangoni kwangu. Wengine huongeza mwaka mzima."

Baba alipunguza mwendo. Mwaka wa ziada hawakuuweza; karakana yake ndiyo kwanza ilikuwa inasimama tena baada ya kuungua.

"Basi aliache hilo la pili."

"Lina faida, likichaguliwa vizuri. Binti, ukimaliza unataka kazi gani?"

"Ya maji, Shangazi. Kisima cha nyuma ya shule kina chumvi, chetu hakina. Nataka kujua kwa nini."

"Kemia itakuambia ndani ya maji mna nini. Je, itakuambia yamepita kwenye mwamba gani, yametokea wapi?"

"Hapana. Hayo ni ya jiografia."

"Hapo ndipo pana pengo. Chagua somo litakaloliziba. Usilichukue kwa sababu ni gumu, wala kwa sababu rafiki yako amelichukua. Halafu nenda kwa mshauri wa masomo. Muulize kama ratiba zinagongana, na kama kuna vipindi vinavyohesabiwa pande zote mbili."

Baba alikohoa. "Na wateja nitawaambia nini?"

"Waambie ulikosea. Hufi."

Saa nne walikuwa kwa mshauri. Alizilaza ratiba mbili mezani, akapitisha kalamu siku kwa siku. Kemia na jiografia hazikugongana popote, na kipindi cha takwimu kilihesabiwa kote.

Chupa alishika kalamu, akamtazama baba.

"Andika, mama," baba alisema. "Andika kabla sijabadili mawazo."

Chupa alimaliza masomo bila kuongeza mwaka. Sasa ameajiriwa kupima visima na kuchora ramani zake. Mama Maabara alistaafu, akahamia kwa mwanawe. Baba bado ni seremala, ila magoti yanamsumbua. Pikapu iliuzwa kama vyuma chakavu.