Karatasi Chini ya Mshale

Kila siku baada ya masomo, Kiroboto alipitia ukumbi wa michezo ya mashine alikofanya kazi shangazi yake. Aliweka mkoba nyuma ya kaunta, akachukua kitambaa kibichi na kuanza kufuta majukwaa mawili ya mashine ya dansi. Jina la Kiroboto alipewa na wasichana wenzake kwa sababu hatulii. Hata akipanga foleni ya maji, huruka-ruka.

Shangazi ndiye aliyekuwa fundi wa ukumbi ule, naye alimfundisha mpwa wake bila kuchoka. Kila jukwaa lina mishale minne: mbele, nyuma, kulia na kushoto. Mshale ukiwaka kwenye skrini, mchezaji hukanyaga wa aina hiyo hiyo miguuni pake. Chini ya kila mshale mna vihisi, vijiti vyembamba vinavyohisi uzito wa mguu. Na chini ya vihisi Shangazi huweka karatasi ngumu iliyokunjwa, ili viinuke kidogo.

"Bila karatasi hii mshale huwa kiziwi," alizoea kusema. "Utaukanyaga mpaka uchoke, wala hausikii."

Jumatano hiyo Kiroboto alifuta polepole. Kitambaa kilipofika kwenye mshale wa kushoto wa jukwaa la kwanza, mkono wake ulisita. Akauruka, akafuta pengine.

"Mwenzako yuko wapi?" Shangazi aliuliza. "Tangu Jumamosi sijamwona Twiga."

"Amesema haji tena." Kiroboto hakuinua uso. "Kesho mama yake anampeleka hospitali. Mguu utapigwa picha upya."

Twiga alikuwa rafiki yake, msichana mrefu ambaye cheko lake lilikuwa karibu sikuzote. Mwaka uliopita alivunjika kifundo cha mguu wa kushoto, akakaa na plasta miezi miwili. Alipopona alijifunza kucheza upya, hatua moja moja, kama mtoto anayeanza kutembea. Jumamosi iliyopita yeye na Kiroboto walishindana, ili apatikane mmoja wa kuuwakilisha ukumbi katika mashindano ya mji jirani.

Lakini kila Twiga alipokanyaga kushoto, skrini iliandika: UMEKOSA. Mtu mmoja akapaza sauti, "Mguu wa plasta huo!" Watu wakacheka. Kiroboto akashinda.

Kilichomuumiza zaidi kilikuja baada ya kucheka kule. Twiga alimfuata, akavua raba zake na kumpa. "Chukua, hazitelezi. Zikikupwaya, tia pamba mbele. Mimi sizihitaji tena."

Raba hizo zilikuwa chini ya kitanda cha Kiroboto. Siku nne sasa alilala amegeukia ukutani.

Shangazi alikunja uso. "Mguu? Mbona juzi juzi aliruka kamba hapo nje kama swala? Kabla hujaushuku mguu wa mtu, ishuku mashine kwanza. Niletee bisibisi."

Kiroboto aliileta. Shangazi alifungua ukurasa wa majaribio kwenye skrini, akabonyeza mshale mmoja mmoja kwa kiganja. Wa mbele ukawaka. Wa nyuma ukawaka. Wa kulia pia. Wa kushoto ukabaki kimya mpaka alipoulalia kwa uzito wake wote.

"Ahaa! Kumbe kiziwi ni wewe."

Alibadilisha waya, wa kulia akauweka kushoto na wa kushoto kulia. "Ugonjwa ukihama, mgonjwa ni waya," alieleza. Akabonyeza tena. Ugonjwa haukuhama. Ndipo akalegeza skrubu na kukiinua kibao cha mshale. Akatazama ndani, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Karatasi haipo." Akaketi sakafuni pale pale. "Ni mimi huyu. Alhamisi nilisafisha humu, nikasahau kuirudisha. Uzee hauna adabu. Mtoto wa watu amechekwa mbele ya umati kwa sababu yangu!" Alijikokota kuinuka. "Ngoja nikamwombe radhi, na mama yake pia. Wasihangaike na hospitali."

Shangazi alikuwa ameshafika mlangoni. Ilibaki Kiroboto anyamaze tu, na mambo yangekwisha. Lakini alimwona akifunga kitambaa kichwani, akienda kubeba aibu isiyo yake.

"Shangazi, hukusahau."

"Nini?"

"Niliitoa mimi. Ijumaa, ulipokwenda kununua skrubu. Tulishapiga kura za majukwaa, nilijua Twiga atasimama kwenye hili." Machozi yalimdondoka. "Niliogopa atanishinda."

Shangazi hakupiga kelele. Alirudi, akamwekea bisibisi kiganjani na karatasi mpya kando. "Irudishe. Mkono uliotoa ndio utakaorudisha."

Mshale ulipowaka vizuri, walipita nyumbani kuchukua raba, wakaenda kwa akina Twiga. Kiroboto alisema yote mlangoni, mama mtu akisikiliza.

Twiga alimkazia macho. "Siku nne nautukana mguu wangu mwenyewe. Wewe unaniona tu?"

"Nisamehe."

"Leo siwezi." Alizichukua raba. "Jumamosi tucheze upya. Halafu tutaona."

"Na mbele ya wote nitasema nilichofanya," Kiroboto alijibu.

Njiani Shangazi alimshika mkono kama alipokuwa mdogo. "Mwanangu, kosa usipoliita lako halipotei. Humtafuta mtu mwingine wa kumkalia. La kwako lilimkalia Twiga mguuni, kisha likanirukia mimi. Kuogopa kushindwa si dhambi, hata mimi naogopa. Lakini ukikosea sema mapema, kabla asiye na hatia hajaubeba mzigo wako."

Jumamosi Kiroboto alisema mbele ya watu wote. Nyuma mtu alimzomea. Shangazi alimsogezea kikombe cha maji. Kisha wasichana wakapanda, Twiga kwenye jukwaa lile lile. Mshale wa kushoto ukaitika kila alipoukanyaga, naye akacheza kama anayemsalimu rafiki aliyepotea.

Karibu na mwisho alichelewa hatua moja. UMEKOSA, skrini ikaandika. Watu wakamgeukia Kiroboto.

Twiga akaangua lile cheko lake. "Hiyo ni yangu!" akapaza sauti, huku akiendelea kucheza.

Alishinda kwa pointi chache. Aliposhuka alimpita Kiroboto, akasimama, akarudi. "Haya, Kiroboto. Njoo kesho unifundishe kukaza zile skrubu," alisema. "Safari hii nitakuwa nakutazama."