Chupa ya Ladha ya Ndizi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi ya kuosha mabakuli na vyombo vya keki. Mama yake alioka keki za kuuza, na jiko lake ndilo lililokuwa chumba kikubwa kuliko vyote nyumbani kwao. Karibu na oveni palikuwa na rafu ya chupa ndogo za ladha: vanila, ndimu, stroberi na ndizi. Mama alizijua kwa harufu tu, hata akiwa amefumba macho.

Jina la Chiriku alipewa na bibi yake, kwa sababu tangu alipojifunza kusema hakunyamaza tena. "Huyu mtoto," bibi alikuwa akisema, "hata akilala, mdomo wake unabaki zamuni." Lakini muhula ule Chiriku alikuwa mkimya.

"Una nini siku hizi, mdogo wangu?" alimuuliza dada wa maua asubuhi moja. Dada huyu alikuwa msaidizi wa mama. Kazi yake ilikuwa kupamba keki kwa maua ya sukari, na ndiyo maana watu wote walimwita hivyo.

"Sina kitu, dada."

"Asiye na kitu hujibu kwa kirefu. Wewe unajibu kama simu iliyoishiwa chaji."

Chiriku alicheka kidogo, kisha kicheko kikageuka kikohozi. Akaweka sufuria chini, akaenda bafuni, akajifungia. Alifungulia bomba ili maji yapige kelele, kisha akatoa kitu kidogo alichokuwa amekificha ndani ya soksi. Ilikuwa vepu, kile kisigara cha umeme kinachotoa mvuke. Akavuta haraka haraka. Mikono iliyokuwa ikitetemeka ikatulia.

Jambo hilo lilianza kama mchezo. Mvulana mmoja wa darasani kwao, ambaye wenzake walimwita Profesa kwa sababu ya miwani yake na ujuaji wake, alimpa avute nyuma ya uzio wa shule. "Huu ni mvuke tu," alimwambia. "Si sigara. Nusa, ni ndizi tupu!" Kweli ilinukia ndizi. Siku ile walicheka mpaka machozi yakawatoka. Chiriku akarudia siku nyingine, na nyingine tena. Kabla hajajua, hakuwa akivuta ili afurahi. Alikuwa akivuta ili asiumwe kichwa.

Darasani alikaa kwenye dawati lililoegemea ukuta, na wenzake walimzibia njia ya kutoka. Vipindi viwili vya hesabu vikifuatana, jasho lilimtoka viganjani na namba zikacheza ubaoni. Mbio za shule alizokuwa akishinda sasa zilimwacha ameshika magoti, akitafuta pumzi. Aliapa kuacha. Siku moja aliitupa vepu ile kwenye ndoo ya taka jikoni, akajisifu moyoni. Haikuchukua muda akarudi, akapiga magoti, akachakura maganda ya mayai mpaka akaipata. Aliifuta kwa sketi yake huku akilia.

Kisha habari zikaenea mtaani kwamba wakubwa wa serikali wanajadili kupiga marufuku vepu zenye ladha za matunda. Muuza chaja za simu, ambaye chini ya meza yake aliwauzia wanafunzi vitu hivyo kwa siri, alianza kuangaza macho huku na huku kila gari lilipopita. "Mzigo hauji tena, mdogo wangu," alimwambia Chiriku. "Wenye mali wameogopa."

Chiriku alitarajia moyo wake ushukuru. Badala yake ulishtuka kama wa mtu aliyeambiwa maji yatakatwa. Hapo ndipo alipotambua jinsi alivyofungwa.

"Usihangaike," Profesa alimwambia. "Tutachanganya wenyewe. Nimeona kwenye simu watu wakifanya. Nikotini, ile dawa ya tumbaku yenyewe, kaka yangu anayo. Tunachokosa ni ladha tu, na kwenu ladha zimejaa rafu nzima."

"Za mama? Hapana!"

"Haya, kaa na kichwa chako kinachouma."

Jioni ile Chiriku alitoka nyumbani na vanila na ndizi kidogo katika vichupa alivyovificha mfukoni. Walichanganyia katika stoo ya kina Profesa, kati ya matairi mabovu na magunia. Profesa alipima kwa macho, akiwa amekunja uso kama daktari wa upasuaji. Kimiminika kiliwamwagikia vidoleni, wakakifuta kwa nguo zao. Haukupita muda, Chiriku akahisi chumba kinazunguka. Akatoka nje na kutapika.

"Ni joto la stoo tu," Profesa alisema, ingawa naye midomo yake ilikuwa imepauka.

Mchanganyiko ule uliwasha koo kama pilipili. Chiriku aliuvuta hivyo hivyo, kwa sababu hakuwa na mwingine. Ulipokwisha, akachota tena kwenye chupa za mama, na kila alipochota aliongeza maji ili zisionekane zimepungua.

Njia ya mwongo ni fupi. Wateja wakaanza kulalamika kwamba keki za mama hazina harufu. Mama akafungua chupa ya vanila, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Haya ni maji!" alisema. Akamgeukia msaidizi wake. "Rafu hii tunaigusa mimi na wewe tu. Niambie."

"Mama, sijachukua hata tone," dada wa maua alijibu. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Basi zimenywewa na panya?"

 Dada wa maua akavua aproni yake, akaikunja vizuri, akaiweka mezani na kutoka. Chiriku alikuwa kwenye sinki, ameshika sahani. Aliiosha, akaiosha tena, akaendelea kuiosha. Maneno yalimjaa kifuani, lakini kila moja aliloliokota lilikuwa zito kuliko alivyoweza kulibeba. Akisema, mama atajua yote. Asiposema, dada ataitwa mwizi. Na vepu imo ndani ya soksi, inamwita.

Asubuhi iliyofuata mama alitangaza kwamba atapekua nyumba nzima, hata mikoba, kabla mtu hajatoka.  Mchanganyiko wao ulikuwa katika mkoba wake wa shule, ndani ya chupa tupu ya ladha ya ndizi aliyoiokota jikoni. Mama alipotoka nje kupokea unga, Chiriku aliisukuma chupa ile nyuma ya rafu, katikati ya chupa nyingine, kisha akamfungulia mama mkoba, akaondoka mbio kwenda shule. Alijiambia kwamba ataitoa akirudi.

Aliporudi alikuta jiko limechangamka. Mtoto wa jirani alikuwa akitimiza umri wa kuanza shule, na mama alikuwa peke yake, anakimbizana na keki ya sherehe. Mezani palikuwa na bakuli lililojaa rojo ya keki. Kando yake, chupa ya ndizi ilikuwa wazi.

"Afadhali nimepata moja nyuma huko ambayo haijatiwa maji," mama alisema, huku akimimina rojo kwenye chombo cha kuokea. "Ila harufu yake ina ukali kidogo. Nadhani imekaa sana."

Chiriku aliitambua chupa yake. Akasogea mezani, akakisukuma chombo kwa kiwiko. Rojo yote ikamwagika sakafuni.

"Macho yako umeyaweka wapi?" mama alifoka. "Hata sijaionja bado! Haya, nipe mayai mengine."

Chiriku alipiga deki. Alidhani ameponyoka. Lakini mama alipasua mayai mapya, akakoroga, akanyoosha mkono na kuichukua chupa ile ile. Akamimina. Chiriku akatafuta la kufanya. Angemwaga na bakuli hili? Na la tatu je? Na watoto wa sherehe, na vijiko vyao vidogo?

Mama akachota rojo kwa mwiko, akaupeleka mdomoni ili aonje, kama ilivyokuwa desturi yake.

"Usionje!" Chiriku alipiga kelele, akaupiga mkono wa mama. Mwiko ukaruka ukagonga ukuta. "Mama, si ndizi! Ni sumu! Ni yangu! Dada hakuiba, ni mimi!"

Baada ya hapo maneno yalitoka yenyewe, mengine kabla ya zamu yake: Profesa, stoo, maji kwenye vanila, soksi. Mama alisikiliza amesimama vile vile, mkono bado hewani. Alipoelewa, hakupiga wala hakutukana. Alinawa mikono kwa sabuni mpaka viwiko, akamnawisha na Chiriku. Kisha akatupa rojo, akaifunga chupa ile ndani ya mfuko, akampigia jirani simu.

"Jirani, nisamehe, leo hakuna keki. Kosa ni la kwetu."

Kutoka hapo wakaenda moja kwa moja zahanati, wamebeba na mfuko wenye chupa.

Muuguzi aliwapima wote wawili. Mama hakuwa amedhurika. Muuguzi alisikiliza kifua cha Chiriku kwa muda mrefu, mbele na mgongoni, kisha akavuta kiti.

"Nikotini hupita hata kwenye ngozi," alisema. "Ndiyo maana ulitapika kule stoo. Mtoto mdogo akimeza kidogo tu, anaweza kufa. Na hizi ladha za keki zimetengenezwa kwa ajili ya tumbo. Tumbo lina njia ya kutolea uchafu. Pafu halina choo. Unachokiweka mle, unaishi nacho."

"Nilitaka kuacha," Chiriku alisema, akitazama sakafu. "Nimejaribu mara nyingi."

"Naamini. Mnyama akinaswa, kila akivuta kamba, kitanzi kinakaza. Anahitaji mkono wa mwingine wa kumnasua. Utakuja hapa kila wiki. Siku za kwanza zitakuwa mbaya, nisikudanganye. Baadaye utapumua."

Walipotoka, mama hakuelekea nyumbani. Alikata kona kuelekea kwa dada wa maua.

"Mimi nitaomba radhi yangu, nawe utaomba yako," alisema. "Siwezi kukuombea."

Dada wa maua alikuwa akianika nguo. Aliwasikiliza mmoja mmoja, kibanio mkononi. "Jana dukani watu walinyamaza nilipoingia," alisema mwishowe. "Hilo halifutwi kwa neno moja, mama. Wala kwa neno lako, mdogo wangu. Niachieni muda." Mama akaenda dukani siku ile ile, akasema mbele ya watu wote kwamba amemsingizia mtu asiye na hatia.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kweli. Kichwa kilimuuma Chiriku, usingizi ukampotea, akamkaripia kila mtu mpaka paka. Mama alikaa naye. Wazazi wa Profesa walipoelezwa, Profesa alimwita Chiriku msaliti na kumnunia. Lakini baadaye walikutana zahanati, kila mmoja amekuja na mzazi wake, na hakuna aliyekuwa na la kumcheka mwenzake. Mwalimu mkuu na wazazi kadhaa walimfuata muuza chaja, na meza yake ikabaki na chaja peke yake.

Pumzi ilirudi polepole. Na asubuhi moja dada wa maua naye alirudi, akajifunga aproni, akaomba bakuli la sukari kana kwamba alitoka jana tu.

Walipokuwa watatu jikoni, Chiriku aliuliza, "Mama, wakishapitisha marufuku yao, si watu wote wataacha?"

Mama aliendelea kuchekecha unga.

"Wapitishe, ni vizuri," alisema. "Lakini sheria inaweza kufunga duka, mwanangu, haiwezi kukufungulia mdomo. Ulikuwa umebanwa, ukangoja mpaka sumu ikafika kwenye keki ya mtoto wa watu na dada yako akaitwa mwizi. Siku nyingine ukiona unabanwa, sema mapema. Sema hata kama unajua nitafoka. Hasira yangu itapita, lakini wewe nakuhitaji ubaki."

 Chiriku alimsogelea mama yake, akamshika mkono uliojaa unga, na dada wa maua akageukia dirishani, akijifanya anatafuta kijiko.