Refa Aliyekuja Kupima Macho

Kili, kili, kili. Umeme ulikuwa umekatika, alfajiri bado haijafunguka, na huko sebuleni kijiko kilikuwa kikizunguka ndani ya kikombe bila kuchoka. Mwanamke alilala chumbani akisikiliza, kiganja chake juu ya mgongo wa binti yake, mgongo wenye joto kama mkate uliotoka jikoni sasa hivi. Alijua ni kaka yake. Alijua pia kwamba sukari ya chai ile ilishayeyuka kitambo. Kilichokuwa kinakorogwa ni hasira.

"Bado tu?" aliuliza kutoka kitandani.

"Kombe lilikuwa letu," sauti ya kaka ikajibu gizani. "Dakika ya mwisho kabisa, yule Kipofu anapuliza penalti. Mpira umegonga kifua, yeye kaona mkono!"

"Pole, kaka yangu."

"Usinipe pole kama mtu aliyefiwa."

"Kwani hujafiwa?"

Kijiko kilisimama kidogo, kisha kikaendelea.

Yeye mpira haukumhusu. Kwake, mpira ni kitu kilichomrudisha kaka nyumbani na sauti iliyokauka. Kipofu ni jina ambalo mji mzima ulimbandika yule refa; uso wake hakuujua wala hakuwa na haja nao. Aliamka, akavaa gauni lake la kijani lenye vifungo vya kahawia, akambusu mtoto shavuni, akaenda kazini.

Duka la miwani lilikuwa kwenye ujia wa maduka unaotoka kituo cha treni kwenda sokoni, na asubuhi watu walipita pale kama maji ya bomba lililopasuka. Yeye ndiye aliyekuwa mpima macho. Kazi hiyo aliisomea jioni, mtoto akiwa amelala mapajani pake chini ya dawati. Asubuhi ile umati ulisukumana mlangoni, ukamtapika ndani mwanaume mrefu mwenye kofia pana, naye akagonga stendi, fremu zikamwagika sakafuni.

"Samahani, dada! Sikuiona."

"Basi umefika penyewe," alisema, na wote wawili wakachuchumaa kuokota.

Shati lake lilikuwa la buluu ya mbingu, limepigwa pasi hata mkunjo wa mkono ukawa kama umechorwa kwa rula. Ila kilichomvutia mpima macho ni mikono yenyewe. Kila kifundo kilikuwa na alama ya saa, mstari mweupe mahali jua halikufika.

"Unavaa saa mbili? Una haraka gani wewe?"

"Moja huwa naisimamisha," alijibu, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Kisha akashusha sauti. "Kwa kuwa nimeshaingia... naomba unipime."

Chumba cha kupimia kilikuwa kidogo, kina pazia jeusi, na ndani yake dunia yote ilinyamaza. Herufi ziliwaka ukutani. Alimsogelea kwa taa yake ndogo, akachungulia jicho la kulia, akaiona ile nuru ya rangi ya machungwa iliyoko nyuma ya macho ya kila binadamu, ambayo wenyewe hatuioni kamwe. Alikuwa ameiona kwa mamia ya watu. Leo aliitazama muda mrefu kuliko kipimo kilivyotaka, na kwa nini, hakujua.

Mgeni alisoma herufi zote. Alisoma mstari wa mwisho. Akasoma hata jina la kiwanda lililoandikwa pembeni kwa maandishi ya sisimizi.

"Macho yako mazima kabisa. Nani kakuambia huoni?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Wengi."

"Wangapi, ukoo mzima?"

"Kama elfu thelathini hivi."

Alicheka mpaka taa ikamponyoka. Yule mtu hakucheka. Alimtazama tu akicheka, kama mtu aliyekaa muda mrefu karibu na kelele, akasikia ghafla dirisha likifunguliwa upande wa bustani.

Wiki iliyofuata alirudi kununua kitambaa cha kufutia miwani.

"Miwani ipi? Huna miwani."

"Naanza na kitambaa, Daktari. Miwani itafuata."

"Mimi si daktari."

"Kwangu ni daktari. Wengine wote walinipima kwa kelele. Wewe umetumia taa."

Basi simu zikaanza. Mchana mgeni alikuwa ofisi ya maji, anasimamia mafundi wa mabomba. Hilo alilisema na lilikuwa kweli. Mwishoni mwa wiki alisafiri. "Kazi gani hiyo ya Jumamosi?" "Kusimamia watu wazima wasiokubali kukosea." Mpima macho akadhani ni ugomvi wa mabomba, akacheka. Jioni alianika nguo za mtoto kwenye kamba, simu imebanwa kati ya sikio na bega.

"Unafanya nini, Daktari wangu?"

"Naanika soksi. Moja moja. Mwenzake wa kila moja sijui yuko wapi."

"Ziko pamoja mahali fulani, zinafurahi."

"Na wewe uko wapi?"

"Kwenye ngazi. Nimekaa hapa muda, sitaki kuingia ndani nikakosa mtandao."

Siku hizo aliishi kama mtu anayetembea juu ya magodoro. Aliwapima wateja, na katika kila jicho aliona kijidirisha kidogo chenye mwanga, akajisemea, kumbe watu wote wamewashwa taa ndani.

Jumapili moja akamkaribisha nyumbani. Mama yake alikuwa jikoni, kaka ametoka. Mgeni alivua kofia mlangoni, akakaa kwa adabu, magoti pamoja. Binti, ambaye kwa wingi wa maneno yake walimwita Chiriku, hakumsalimia sana. Alikuwa anaruka kamba na kuimba wimbo aliofundishwa na mjomba wake:

"Kipofu, Kipofu, nani kakupa filimbi?"

Mgeni, bila hata kufikiri, akamalizia kwa sauti ya chini:

"Nyumbani ukipakuliwa, hata sahani huioni."

Chiriku aliacha kuruka. "Umeujua! Nani kakufundisha?"

"Huwa naimbiwa," alisema.

Mpima macho alicheka. Kisha kicheko kikamfia kinywani, maana mlango ulifunguliwa na kaka akaingia, viatu vidogo vya Chiriku mkononi, ametoka kuvishonesha. Alimwona mgeni. Kiatu kimoja kikaanguka.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Kaka, huyu ndiye niliyekwambia—"

"Huyu ndiye Kipofu! Mwizi wa kombe amekaa kwenye kiti cha mama yangu!"

Mgeni alisimama. Hakukana. Mpima macho alimtazama, na maneno yote ya simu yakapita kichwani mwake mbio, yakirudi yamevaa nguo nyingine: elfu thelathini, saa mbili, watu wazima wasiokubali kukosea.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka kuwa mtu wa kawaida kidogo."

"Ulidhani nami ningekutukana?"

Angeweza kusema hapana. Wanaume wengi wangesema hapana. Yeye alifikiri, akajibu, "Ndiyo. Nilidhani."

Hilo ndilo lililomchoma. Urefa haukumchoma hata kidogo. Alichomwa na kujua kwamba ndani ya chumba kile cheusi, wakati yeye anaitazama nuru ya mtu, mtu mwenyewe alikuwa amekwisha kumpangia kiti jukwaani, katikati ya wazomeaji.

"Basi ondoka," alisema. "Toka."

Refa aliinamisha kichwa, akachukua kofia, akamwokotea kaka kile kiatu, akatoka. Hakusema hata neno moja.

Usiku ule simu haikulia. Kesho yake haikulia. Mpima macho alikuwa amejiandaa kwa mambo yote: kubembelezwa, kutumiwa ujumbe mrefu, kumkuta mtu amesimama nje ya duka na uso wa kuomba radhi. Alikuwa amepanga hata atakavyonuna, na atakapoacha kununa. Lakini mtu hakuja. Wiki zikapita na kamba ya nguo ikawa kimya.

"Si nilikwambia," kaka alisema. "Yule hana moyo. Ana filimbi tu."

Mama alimtazama binti yake akisogeza chakula huku na huku kwenye sahani, akatikisa kichwa.

Jumamosi moja mvua ilinyesha, na mpima macho akajikuta amekaa kando ya kaka mbele ya televisheni. Alisema anasubiri mvua ikatike. Kwenye skrini refa alikimbia, mdogo, amelowa, na kila alipopuliza filimbi uwanja uliunguruma kama lori linalopanda mlima. Mchezaji mmoja akamkanyaga mwenzake. Kadi nyekundu. Aliyepewa akaruka, akafoka, akavua jezi, akasukumwa nje na wenzake. Baadaye kidogo, kadi nyingine, mchezaji wa upande wa pili. Huyu aliinamisha kichwa tu, akatoka bila neno. Na refa, wakati kijana yule anapita, akamgusa bega.

"Umeona?" kaka alinung'unika. "Huyo anapenda watu wa hivyo. Kwake yeye ukiambiwa toka, unatoka. Kubisha ni dharau. Ukitoka kimya, umemheshimu mwamuzi. Ndiyo dini yake."

Mpima macho aligeuka polepole.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Hayo uliyosema. Ukiambiwa toka?"

"Unatoka. We vipi?"

Alikuwa ameshashika simu.

"Unampigia nani?"

"Yeye."

"Yuko uwanjani! Unamwona yule pale! Unataka apokee katikati ya kona?"

Akaiweka chini, akacheka na kulia kwa pamoja. Kaka akamtazama kama mtu anayemwona dada yake kwa mara ya kwanza, akampa leso yake, na leso ilikuwa na rangi za timu.

Jioni mvua ikiwa imebaki matone tu juu ya bati, simu ilipokelewa kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Mbona hukubisha?" ndiyo salamu aliyoanza nayo.

"Ulitoa uamuzi."

"Na wewe ukaukubali tu!"

"Daktari, maisha yangu yote nawaomba watu wakubali uamuzi hata unapowauma. Siku nimepewa wa kwangu, ningeanzaje kukurukia na kuvua shati?"

"Ungevua! Mimi nilikuwa nasubiri uvue!"

Akamsikia akicheka, kicheko cha mtu aliyechoka sana. Halafu akasema, "Nilikukosea. Nimekaa jukwaa likinizomea mpaka nikaamini watu wote wana sauti moja. Kumbe yule kaka yako anayeimba ule wimbo ndiye anayeshonesha viatu vya mtoto. Nimeviwaza vile viatu kila siku."

Aliegemea dirisha. Nje, taa za barabarani zilikuwa zinaelea kwenye madimbwi, kila moja na pacha wake.

"Nikuulize kitu. Refa akishatoa uamuzi, anaweza kuubadilisha?"

"Anaweza. Mradi mchezo haujaanza tena."

"Na kwako?" Alisema polepole. "Umeanza tena?"

"Haujaanza. Nimesimama palepale uliponiacha."

"Basi kesho njoo. Uje na hoja zako. Na ubishe, tafadhali."

Alikuja akiwa amevaa shati jeupe, na hakuja na kofia. Njia nzima watu walikuwa wamemwona, wawili watatu wakamzomea, naye akafika na uso mweupe wa amani. Mama alikaa kwenye kiti chake. Kaka alikuwa amejilaza kwenye kochi, miguu imelichukua lote, na hakuikunja.

Refa alibaki amesimama katikati ya chumba.

"Mama," alisema, "nimekuja kumwomba binti yako. Na Chiriku, kama atanikubali. Sina mzee wa kunisemea leo, nitamleta. Nimeona nije kwanza mwenyewe, mnitazame vizuri."

Mama alifungua mdomo, lakini kaka akawahi.

"Kwanza hili. Mbele ya mama. Ile penalti ya fainali. Alishika mpira, au hakushika?"

Chumba kikawa kimya kama chumba cha kupimia. Ilikuwa rahisi mno. Neno moja tamu, kaka angekunja miguu, na harusi ingepangwa kabla ya chai. Mpima macho alimwangalia mpenzi wake, na moyo wake ukamwomba adanganye kidogo tu. Na moyo huohuo, chini kabisa, ukaogopa kwamba atadanganya.

"Alishika, shemeji," refa alisema. "Samahani. Alishika."

Kaka alifumba macho.

Mama akaanza kucheka. Alicheka taratibu, mabega yakitikisika, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Jamani," alisema, "mtu amekuja kuomba mke, na hata kwa hilo hakubali kusema uongo. Mwanangu, huyu mwenyewe siku akikukosea atakwambia."

"Atanipulizia filimbi," alijibu mpima macho, na sauti yake ilikuwa imelowa.

Kaka aliitazama dari. Refa naye hakukaa, kwa kuwa hapakuwa na pa kukaa; alisimama tu mikono nyuma, kama anayengoja, na mpima macho akaenda akasimama ubavuni mwake ili asisimame peke yake. Kiganja chake kikatafuta kifundo kile chenye mstari mweupe, kikatulia hapo.

Chiriku, aliyekuwa sakafuni akifunga viatu vyake, aliinua kichwa. Akamtazama mgeni, akalitazama kochi.

"Mjomba, sogea akae."