Aliyebaki Korongoni

Asubuhi ile Ularbek alimaliza chai yake ya maziwa, akatia mkate mfukoni, akatoka na kaka yake Toktosun kwenda kuwateremsha farasi waliosalia kwenye malisho ya juu. Theluji ya Novemba ilikuwa imeanguka siku tatu mfululizo juu ya theluji kuukuu ya Oktoba. Mama yao aliwasindikiza hadi uani.

"Korongoni mpite mmoja mmoja," alisema. "Mmoja nimeshamzika bila maiti."

Alimkusudia Nurdin, mwanawe wa kati, aliyefunikwa na theluji huko miaka mitatu nyuma akiwa na Toktosun.

"Mama naye! Nitakurudishia kitinda mimba wako," Toktosun alicheka. "Si ndiye mrithi wa nyumba ya baba, kwa desturi? Mwenye nyumba hafi ovyo."

Ukingoni mwa korongo Toktosun alichimba theluji kwa koleo, akachota ya chini. Ularbek aliona punje zisizoshikana zikimponyoka vidoleni kama sukari. Toktosun akafumba ngumi upesi.

"Imeshikana. Vuka."

"Kaka, si tuzungukie mgongoni mwa mlima?"

"Nusu siku nzima? Umekuwa bibi harusi? Vuka bwana, nakutazama."

Kwao, anayebaki ukingoni hapepesi macho mpaka mwenzake afike ng'ambo. Pale alipoonekana mara ya mwisho ndipo patakapochimbwa. Kwa ahadi hiyo tu mtu huvuka.

Ularbek akavuka. Alipofika katikati, mteremko ulishusha pumzi nzito, ukazama chini ya miguu yake. Akageuka.

Toktosun alikuwa amempa mgongo.

Kisha theluji ikaja.

Giza. Kifua kimebanwa. Juu yake, hatua zikakaribia. Zikasimama.

"Kaka..."

"Nisamehe, mdogo wangu," sauti ilinong'ona. "Siwezi kuzeeka mlangoni pako nikiomba pa kulala."

Hatua zikaondoka.

Hewa ikapungua. Ndipo kitu kikamgusa kisigino. Kutoka chini.

"Panda," kikanong'ona. Sauti aliijua. "Na mimi alinipa mgongo."

Mikono miwili ikamsukuma.

Jua lilikuwa bado juu alipofika nyumbani. Majirani walijaa uani. Mama alikuwa amelala kifudifudi. Toktosun alisimama katikati yao akijipiga mapaja, akisimulia. Ularbek alipoingia uani, Toktosun aligeuka. Lakini macho yake hayakutua kwa Ularbek. Yalitua nyuma yake.

Akakimbilia ndani ya nyumba ya baba, akapiga komeo.

Hapakusikika ukelele. Wanaume walipouvunja mlango, jiko la kuni lilikuwa likiwaka. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ndani. Hapakuwa na mtu.

Mama hakuingia. Alikuwa amepiga magoti kwenye theluji, akipima unyayo kwa shibiri yake. Nyuma ya buti za Ularbek, tangu mlimani, zilikuja nyayo za miguu mitupu.

"Huyu ni mwanangu," alisema taratibu.

Nyayo zilifika kizingitini, zikaingia. Hazikutoka.