Posa Iliyompita Mjomba

Jumamosi moja ya mwaka wa hamsini na tatu, soko la Lindi limefurika, Mwalimu Moza alishika kitabu upande mmoja, na kijana mmoja akakishika upande wa pili. Kilikuwa kimoja tu mezani pa muuza vitabu. Kijana alivaa kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua, na sindano kaichomeka kifuani.

"Fundi, rudi kwenye cherehani yako," Moza akamwambia.

"Tukinunue shirika, bibie. Wiki yako, wiki yangu."

Ndivyo alivyomjua Abilahi wa Kilwa Kivinje. Kitabu kilisimulia mtu aliyerudishwa nyuma hadi siku aliyonyamaza mbele ya mwanamke aliyempenda. Safari hii akasema, akapata furaha yake. Hadithi ya taratibu, haina hata ngumi moja. Lakini kila Ijumaa walipopokezana waliibishania, na mabishano, we acha tu, yakazaa mapenzi.

Abilahi akapeleka posa. Kwao Kivinje barua huenda kwa baba, basi ikaenda kwa baba yake Moza, naye kwa upole wake akaipokea. Mjomba Likwata, aliyemlea Moza na kumsomesha, ambaye kwa Wamakonde ndiye mwenye kauli juu ya mpwa wake, habari akaja kuzisikia kwa muuza kahawa! Akairudisha barua siku ile ile. Mpwa wake haolewi, basi.

Moza alimfuata fundi kibarazani na gauni lake la kazini, chaki bado mikononi, akamwaga yote. Amemwaibisha mjomba mbele ya ukoo. Kuuliza kungemgharimu nini?

"Laiti ningerudi nyuma kama yule wa kitabuni," Abilahi akasema kinyonge, "ningeanzia kwa mjomba."

Hapo ndipo alipomwasha hasa. "Yule ana mtunzi wa kumrudisha. Wewe una miguu. Mjomba yupo nyumbani kwake, mtaa wa Mtanda, nenda."

Akaenda, na Moza nyuma yake, anafura. Ila moyoni alijua anamfuria nani. Miezi miwili alikuwa na nafasi ya kumweleza Abilahi desturi ya kwao, akanyamaza.

Mjomba aliitikia shikamoo, kiti hakutoa. Moza akapitia uani, akasimama nyuma ya pazia.

"Mpwa wangu hakukwambia posa inapita kwangu?"

"Aliniambia, mzee," Abilahi akajibu. "Nilipuuza mimi."

Uongo mtupu, tena wa kumsitiri yeye. Moza alikasirika. Angenyamaza tena, mpenzi wake angetoka pale na jina la mtu asiye na adabu, na ndoa ingekufa. Akafungua pazia.

"Mjomba, sikumwambia. Niliwaonea haya watu wetu. Niliogopa watu wa pwani watatuita washenzi wa bara."

Likwata akamgeukia. "Na mimi ulinionea haya?"

"Na wewe."

Mzee akasogeza kiti kwa mguu, Abilahi akaketi.

"Barua ataandika upya," akasema. "Lakini utaisoma wewe, mwalimu, mbele ya wakwe zako wa Kivinje. Utasema ni nani aliyekulea. Hebu sema sasa, nisikie."

Hasira zilikuwa zimemwisha, imebaki aibu. Moza akapiga magoti, machozi yanamtoka.

"Nimelelewa na Likwata, Mmakonde wa Newala," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.